Jibu: Nice na watoto mwezi wa Julai, ufukwe upi?

Dada, umeuliza kama wanao wataweza kuchezea mchanga pale Nice, kusini mwa Ufaransa. Hapana. Ufukwe wa mjini ni kokoto tupu, na kina kinaanza hatua chache tu toka ukingoni. Kokoto zinateleza chini ya miguu na mtoto anajikuta maji yamempita kichwa. Kama lazima mwogelee hapo, wavalishe viatu vya mpira na umshike mdogo mkono.

Bora mpande treni ya TER (treni ya mkoa) kutoka Nice-Ville, stesheni kuu ya Nice, hadi mji jirani wa Villefranche-sur-Mer, chini ya dakika 10. Ufukwe wa Marinières uko chini ya kituo, una mchanga (wa chengachenga kidogo) na ghuba imetulia. Fikeni kabla ya saa nne asubuhi, na mwavuli wenu. Bendera nyekundu ikipanda, msiguse maji.