Nimekiri ushindi siku 21, mbona bado nasinzia kwenye vitabu?

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 29. Mchana nauza katika duka la hadiwea hapa Nakuru, jioni nasomea uhasibu, kozi ya CPA. Kuna karatasi moja imeniangusha mara mbili. Nililipa shilingi 4,500 kwa kocha anayefundisha "nguvu ya akili ya ndani". Alitupa maneno ya kukiri kwa siku 21, kila saa tisa usiku: "Mimi ni mhasibu tajiri, nimeshapita." Tena nilipanda mlima Menengai, kwenye mapango ya maombi, nikafunga na kuomba siku 3. Wiki ya kwanza nilikuwa moto. Kufikia ya tatu, nikifungua kitabu nasinzia. Kocha anasema mashaka yangu yameua mbegu, nirudie kozi. Pasta naye anasema huenda Mungu ana neno na mimi, nichunguze maisha yangu. Naomba kujua ni maneno gani yana nguvu zaidi, na ni saa ngapi hasa akili ya ndani hufunguka. – Msomaji, Kaptembwa

JIBU: Ndugu yangu, unasinzia kwa sababu una usingizi.

Umesimama dukani tangu asubuhi ukipima misumari na kubeba simiti, jioni unasoma, halafu saa tisa usiku unaamka kujitangazia utajiri. Ubongo hupanga na kuhifadhi yale uliyosoma ukiwa umelala. Kocha wako amekuuzia dawa ya kumbukumbu kwa kukunyang'anya saa ambazo kumbukumbu hujengwa. Akili ya ndani haina mlango wa mabati unaoinuliwa saa fulani kama wa duka lenu. Lala.

Hilo ndilo jepesi. Linalonikera, na wiki haipiti bila kulisikia ofisini kwangu, ni imani kwamba ukijiona umeshafika, utafika. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, amelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1991 alichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito: waliojiota wembamba, wakivipita vishawishi vya vyakula bila shida, walipungua kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2002 akaonyesha hivyo hivyo kwa wahitimu waliotafuta kazi. Walioota sana kazi nzuri walipata nafasi chache, na mishahara midogo. Mwaka 2011, yeye na mwenzake walipima hata shinikizo la damu, wakakuta linashuka mtu akiota mafanikio. Mwili unapumzika. Umeambiwa "nimeshapita", nao umesadiki, basi wa nini tena kuhangaika na vitabu?

Kwa hiyo ule moto wa wiki ya kwanza na usingizi wa wiki ya tatu vimetoka jiko moja. Ulikuwa unakula sherehe kabla ya kulima.

Na kama ndani yako hujiamini, maneno hayo hukuumiza zaidi. Joanne Wood wa Kanada na wenzake walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwafanya watu warudierudie sentensi moja ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wenye kujidharau walioirudia walijihisi vibaya kuliko wenye kujidharau ambao hawakuirudia, maana kila wakitamka, sauti ya ndani iliwajibu, "Wewe? Tangu lini?" Mtu aliyeanguka karatasi mara mbili anajua sauti hiyo.

Siku 21 nazo zina hadithi yake. Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Sura! Watu wakalichukua neno hilo, wakaangusha "angalau", wakaligeuza kuwa sheria ya tabia zote. Phillippa Lally na wenzake wa London walipokuja kupima tabia zenyewe, wastani ulikuwa siku 66. Wengine 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Usijichape kwa Jumanne uliyoikosa.

Sasa ufanye nini. Ukitaka kuwaza kabla ya kulala, waza kazi yenyewe. Mwaka 1999 Pham na Taylor wa Marekani waliwaambia wanafunzi watumie dakika chache kila siku kabla ya mtihani: kundi moja lijione likifurahia alama nzuri, jingine lijione limeketi linasoma. Waliojiona wakisoma ndio waliosoma zaidi na kupata alama bora. Wewe jione umeshuka kwenye matatu, mikono ina vumbi la simiti, redio ya jirani inaguruma, simu inakuita. Kizuizi chako ni kipi hapo? Nadhani ni simu, lakini wewe ndiwe unayejua. Kisha funga kizuizi hicho na tendo moja: "Nikishaosha mikono, simu naiacha kwa mama mboga wa plotini, nafanya swali moja la karatasi ya zamani." "Nikianza kusinzia, nasimama nasoma kwa sauti." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kauli ya "likitokea hili, nitafanya lile" huwasogeza watu mbali kuliko nia njema tupu. Usingoje hamu. Mara nyingi hamu huja swali la pili likishakubali.

Kuhusu maombi, sitakuambia uache. Mimi mwenyewe huomba, na nimewahi kupanda Menengai. Ule ukimya wa mapangoni, mbali na simu, una faida yake. Swali ni ulimwomba Mungu vipi. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament aliwagawa waumini makundi matatu: wanaomwachia Mungu kila kitu, wanaojitegemea kana kwamba hayupo, na wanaoshirikiana naye. Hawa wa tatu kwa kawaida ndio hukabili matatizo vizuri zaidi. Nehemia alipotishwa na maadui aliomba, akaweka na walinzi mchana na usiku. Wewe uliomba, mlinzi hukuweka.

Ila neno la pasta wako linanitia wasiwasi. Pargament na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wazee kwa miaka 2, na matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliojiona wameachwa au kuadhibiwa na Mungu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kumpachika mtu aliyechoka hofu hiyo kwa sababu ya karatasi ya uhasibu ni ukatili, hata ukivikwa joho.

Na tazama jinsi kocha na pasta wanavyofanana. Ukipita, sifa ni zao. Ukianguka, ni mashaka yako au dhambi yako. Fundi akikuezekea paa likavuja, kisha akuambie hukuliamini vya kutosha, utamlipa aezeke tena?

Naandika kwa hasira kidogo kwa sababu si wewe peke yako. Nimekaa na watu walioacha dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ghafla kwa kuwa wameambiwa kumeza kidonge ni kukiri kushindwa. Wengine walirudi kwangu wameshikwa mikono. Mwaka 2023 nchi hii ilifukua miili zaidi ya 400 msitu wa Shakahola, na mfungo ulihubiriwa pale kwa lugha tamu vilevile. Kwa wewe unayesoma haya na si mtihani unaokusumbua: ikiwa kwa wiki 2 mfululizo kila siku imekuwa nzito, hufurahii ulichokipenda, usingizi na chakula vimeharibika, au unafikiria kujidhuru, acha kutafuta maneno ya nguvu. Nenda hospitali leo. Hapa Nakuru anza na ile ya rufaa ambayo wengi bado tunaiita PGH. Mchukue na mtu wako mkaingie pamoja.

Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na bodi inayowasajili. Anayedai kutibu akili yako mwombe nambari ya usajili, hata akiwa na kipaza sauti na bango barabarani. Nami niombe.

Kozi usirudie. Mwambie kocha akurudishie zile 4,500, na ukiwa unasubiri, mwulize nambari yake.