Kipanya cha wima na dole gumba linalowaka moto

SWALI: Ninashinda kwenye majedwali ya hesabu siku nzima. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kinauma, nikanunua kipanya cha wima, kile cha kompyuta kinachoshikwa kama unampa mtu mkono. Leo ni siku ya tano: kifundo kina nafuu, lakini dole gumba linawaka moto na kishale kinaruka kila nikibofya. Nikirudishe dukani?
Mhasibu, Morogoro

JIBU: Pima mkono kwanza, kuanzia ncha ya kidole cha kati hadi mkunjo wa kifundo. Kama haufiki sentimita 19 na ulichonunua ni kikubwa, mfano MX Vertical ya Logitech, basi kibadilishe. Lift ya kampuni hiyohiyo imeinama digrii 57 zilezile, ila imetengenezewa viganja vidogo na vya kati, na lipo toleo la mkono wa kushoto.

Kishale kuruka si ubovu. Kipanya cha kawaida hubonyezwa kwenda chini, meza ikapokea nguvu yote. Cha wima unakibonyeza ubavuni, kinasogea kushoto, nawe unakikaba kwa dole gumba kisikimbie. Maumivu yanatoka hapo. Laza ukingo wa kiganja mezani, upande wa kidole cha mwisho. Dole gumba liegemee tu, lisibane. Bofya kwa ncha ya kidole, kidogo tu. Meza ikiteleza, tandika pedi ya kitambaa. Punguza kasi ya kishale kwenye mipangilio, kisha ipandishe polepole ukishazoea, la sivyo mkono utakuwa unasafiri bure. Cha zamani usikitupe: wiki mbili za mwanzo vipokezane, hasa kwenye kazi ya haraka.

Usishawishike na kipanya cha mpira unaozungushwa kwa dole gumba. Utakuwa umeongeza mzigo palepale panapouma. Na kama kuna ganzi kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, hiyo ni dalili ya neva kubanwa kwenye kifundo. Muone daktari, kipanya hakitaitibu.

Wauzaji hawagusii kibodi. Safu ya namba iliyo kulia inakisukuma kipanya mbali, bega linabaki limefunguka kutwa. Mhasibu haachi namba, tunajua. Nunua kibodi fupi isiyo na safu hiyo, pamoja na kibodi ndogo ya namba pekee, uiweke kushoto. Siku za kwanza utakosea tarakimu, kwa hiyo usianze mwisho wa mwezi.