Wasifu wa mzee: kazi ya siku tisa kabla ya mazishi

Mzee akifariki Jumatatu na mazishi yakapangwa Jumamosi ya wiki inayofuata, familia hudhani ina muda wa kutosha. Mchapishaji wa kijitabu cha mazishi anataka maandishi Jumatano ya wiki hiyo. Nakala ya kusahihishwa hutoka Alhamisi, na Ijumaa mwili unatoka mochari, hapo hakuna tena atakayeketi kusoma. Basi mna siku tisa tu, na mbili za kwanza ni za kuuliza, si za kuandika.

Anzeni na dada yake au binamu aliyechunga naye ng'ombe. Watoto wa mzee wanamjua tangu wao walipopata akili, na hapo alikuwa tayari na miaka thelathini na kitu. Mama mjane aulizwe asubuhi, kabla wageni hawajajaa, kwa nusu saa tu.

Tarehe ndizo huwaaibisha watu. Mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho cha wazee wengi ulikadiriwa na karani. Katika kijitabu uacheni ulivyo, ufanane na karatasi nyingine, lakini upimeni kwa matukio: je, alikuwa ameoa wakati wa mafuriko ya 1961? Tom Mboya alipouawa Julai 1969, mtoto wa ngapi alikuwa mgongoni? Jina la Kijaluo Okoth linawaambia mvua ilikuwa ikinyesha, Otieno kwamba ilikuwa usiku, ila hayatoi mwaka. Kwa Wabukusu wa magharibi mwa Kenya rika husaidia zaidi, maana tohara hufanywa miaka inayogawika kwa mbili. Anayesema mzee alitahiriwa 1955 amekosea mahali.

Kazi nayo ina mitego. Ukiandika kwamba alihudumu East African Railways hadi 1985, wastaafu wenzake watacheka chini ya hema, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na hapa Kenya ikabaki Kenya Railways. Ukikuta Broderick Falls kwenye barua zake za zamani, hiyo ni Webuye. Central Nyanza ndiyo iliyokuja kugawanywa kuwa Kisumu na Siaya.

Sasa majina. Hapa ndipo matanga huvunjika. Wake huandikwa kwa mpangilio wa kuolewa, kwa Kijaluo mikayi (wa kwanza), nyachira (wa pili), reru (wa tatu), hata kama mmoja alitangulia mbele ya haki au alirudi kwao. Mtoto aliyefariki hukaa nafasi yake ya kuzaliwa, na neno "marehemu" mbele ya jina. Kama kuna nyumba ya mjini, yaani mke na watoto, ambayo wengine hawaitambui, wazee wa ukoo waitwe waamue kabla ya maandishi kutoka bomani. Kijana wa kupiga chapa asiachiwe uamuzi huo. Kijitabu cha mazishi si karatasi ya kufungia mandazi: kesi ya urithi ikizuka, kinaweza kuwekwa mbele ya hakimu pamoja na barua ya chifu, na majina yakipishana kila wakili atauliza kwa nini. Mwakilishi wa kila nyumba atie sahihi kwenye rasimu. Wajukuu wakizidi thelathini, toeni idadi badala ya majina, lakini hesabuni nyumba kwa nyumba. Hesabu ya kichwa huacha nje waliozaliwa Nakuru na hawajawahi kuletwa nyumbani.

Halafu sifa. "Alikuwa mume mwema, baba mlezi na babu mpendwa" hufaa mzee yeyote wa kata nzima. Muulizeni mama: nani aliwasha jiko asubuhi? Akishuka kwenye basi, mkononi alikuwa na nini? Waulizeni wajukuu alivyowaita, maana kila babu, kuka kwa Wabukusu au kwaru kwa Wajaluo, huwa na majina yake ya utani. "Kila mwisho wa mwezi alileta mkate mmoja na kuukata mwenyewe vipande kumi na viwili" humfufua mtu kuliko aya nzima ya sifa. Ugonjwa upewe sentensi mbili. Orodha ya hospitali haimsaidii yeyote.

Kusoma kwa sauti kwenye kipaza huenda kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo maneno 900 ni dakika tisa, na jua la saa saba halitaki zaidi. Nakala ya msomaji iwe ya herufi ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi. Mtoto wa marehemu akisoma, mwingine asimame nyuma yake na nakala ya pili, kwa sababu sauti hukatika kwenye jina la mama. Kwa mzee wa Kibukusu anayestahili kumuse, yaani hotuba ya jadi ya kuwafariji waliofiwa, fupisheni habari za ukoo. Omuswala kumuse, yaani mtoa hotuba hiyo, atazieleza kwa ustadi ambao kijitabu hakiufikii.

A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5, basi jumla iwe 8, 12 au 16. Mkiwa na 14, mbili zitabaki tupu. Picha ya jalada la A5 itake pikseli 1748 kwa 2480. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na kutoka na ukungu. Itumeni kama hati. Picha ya zamani itolewe kwenye fremu, ilazwe mezani karibu na dirisha, ipigwe bila flashi.

Siku ya mazishi mtu mmoja ashike nakala na kalamu. Mjomba atasimama na kusema mwaka fulani si kweli. Mwenye kalamu aandike papo hapo pembeni mwa ukurasa, kwa sababu kijitabu cha makumbusho kitatoka kwenye nakala hiyo.