Akello kwa kifungua mimba? Dada, weka kalamu chini

Dada wa Nakuru, usithubutu. Unasema unajifungua mwezi ujao, ni mtoto wako wa kwanza, na kati ya Akello, Makena na Zuri umependa Akello kwa kuwa tovuti fulani imeandika maana yake ni "nimeleta". Wenzangu hapa wanakupigia makofi. Haya, umeleta. Na mapacha wako wapi?

Kwa Wajaluo, pacha wa kike anayetangulia ni Apiyo, anayemfuata ni Adongo, na msichana anayezaliwa baada ya mapacha ndiye Akello. Mvulana angekuwa Okello. Ukimwita hivyo kifungua mimba wako, watu watatafuta hao wawili, wasipowaona watajua mmezika.

Mimi ni mtu wa Bungoma, mume wangu pia. Tulipohamia Kisumu tukataka mtoto awe na jina la wenyeji, tukafungua orodha kama hiyo yako, tukaandikisha Akello. Kliniki, siku ya kupima uzito, muuguzi akaniuliza wakubwa nimewaacha na nani. Sokoni Kibuye mama mmoja akanishika mkono, akanipa pole, akakataa pesa yangu ya omena (dagaa). Nikala omena ya rambirambi nisijue imetoka kwa msiba gani. (Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.) Balaa lenyewe ni mama mkwe alipokuja kututembelea, jirani akamwambia, "Poleni na wale wawili." Mzee wa watu akaamini tumemficha vifo vya wajukuu. Kwetu Bukusu nako mapacha wana majina yao, Mukhwana na Mulongo, si jambo la kunyamaziwa. Alilia, halafu akakataa kula kwangu.

Aliyeandika ile orodha sidhani amewahi kushuka hata steji ya Ahero. Ameokota maneno, akabandika picha ya mtoto mwenye ua kichwani, basi, amekuwa mtaalamu wa majina ya Afrika nzima!

Kulibadilisha nako si mchezo. Sheria inakuruhusu kurudi kwa msajili wa vizazi ndani ya miaka 2 tangu mtoto aandikishwe. Sisi tulichelewa tukingoja watu wazoee, tukaishia kwa wakili, hati ya kubadili jina, kisha kusubiri litangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Kila mlango na ada yake.

Kwa hiyo tafuta nyanya wa watu wenye hilo jina, umtajie kwa sauti, umwambie mtoto ni wa ngapi na amezaliwa saa gani. Akikuuliza swali lolote, usiandike. Na jina hata halichaguliwi mwezi mzima kabla: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' ni wa jua kali, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Utajuaje wako atakuja saa ngapi? Kwetu ni hivyo hivyo, Nekesa ni wa mavuno, Nasimiyu wa kiangazi. Mimi ni Nanjala, wa wakati wa njaa, na msinicheke, nimeshiba.

Makena ni la Wameru, kaulize nyanya wa Meru. Wangu sasa ni Nafula, ingawa pale Kibuye bado wanamwita Akello, na bei ya omena haijapanda.