Ukiibiwa mtandaoni, andaa ushahidi utakaovuka mpaka

Kikundi chetu cha wauza mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, kina wanachama 18, na tuliibiwa na mtu ambaye hadi leo hatumjui sura. Alimpigia katibu wetu akamwomba amsomee "zile tarakimu sita zilizoingia kwako kimakosa", kumbe ndizo msimbo wa kufungulia WhatsApp yake, akaiteka, kisha akatuandikia kwa jina lake: mzigo umefika, tumeni pesa ya kushusha upesi. Tulituma watu wanne, nami nikiwemo. Laini iliyopokea ilianza na +254. Kenya hiyo, ninakovuka kwa miguu kununua mafuta ya kupikia.

Kwa miguu ni dakika chache. Kwa karatasi, malalamiko yetu yalichukua wiki sita, yakarudi mikono mitupu. Kituoni nilikuwa nimesema pesa ilitumwa "saa tatu usiku". Afisa akaandika 3:00 usiku. Huko yalikofika, wakatafuta miamala ya 03:00, saa tisa usiku kwa hesabu yetu. Sisi tulituma 21:00. Msamaria anayejua Kiswahili angeelewa, lakini mtambo unaulizwa namba na unajibu namba. Tuliporekebisha, laini ilikuwa imezimwa kitambo.

Ndipo nikaanza kusoma serikali zimekubaliana nini, maana nilidhani hakuna lolote. Kumbe lipo. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi 20 chini ya Umoja wa Mataifa, Kenya ikiwemo, walipendekeza kanuni 11 za mwenendo wa serikali mtandaoni, na Baraza Kuu likazitaka nchi zote ziongozwe nazo. Mbili zinamgusa mtu kama mimi moja kwa moja. Nchi isiruhusu kwa kujua ardhi yake itumike kuwadhuru wengine kwa njia ya mtandao, na nchi zibadilishane habari na kusaidiana kuwafikisha wahalifu mahakamani. Nyingine inakataza kuvishambulia vikosi vya dharura vya kompyuta vya nchi nyingine, vile vinavyokabili mashambulizi ya mtandaoni. Kwetu kikosi hicho ni CERT.UG. Mwezi Mei 2024 ikazinduliwa orodha ya dunia ya maafisa wa mawasiliano, ili likitokea jambo zito serikali ijue impigie nani upande wa pili. Afrika nayo ina Mkataba wa Malabo, wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data, uliopitishwa 2014 na kuanza kutumika Juni 2023, baada ya miaka tisa ya kusubiri nchi 15 ziuridhie.

Orodha ile ni ya mambo ya serikali kwa serikali, haiwezi kufuatilia pesa ya kushusha mahindi. Na kanuni zile 11 ni za hiari. Lakini nina hakika kwamba ushirikiano huo, uwe wa mabalozi au wa vituo viwili vya polisi mpakani, unasimama au kuanguka kwa kile kilichoandikwa kwenye jalada. Hapo ndipo wewe unapoingia.

Andika saa kwa mtindo wa saa 24, na uongeze "saa za Afrika Mashariki". Soma maelezo yako kabla ya kutia sahihi, mimi sikusoma. Namba ya simu iandike nzima pamoja na msimbo wa nchi, si jina ulilomhifadhia. Ujumbe wa muamala usiufute, maana ile namba ndefu ya muamala ndiyo wanayoweza kuitafuta. Picha ya skrini ni nzuri, ila hamisha na mazungumzo yote yabaki kama faili, kwa kuwa picha huficha tarehe. Na simu usiipeleke kwa fundi "aisafishe" kabla hujaripoti. Katibu wetu alifanya hivyo siku iliyofuata kwa hofu na aibu, masikini, na tukapoteza yaliyokuwemo.

Ripoti siku hiyo hiyo: kwanza kwa kampuni ya simu wazuie pesa, kisha polisi, udai namba ya jalada. Kumbukumbu za mitambo hazikai milele.

Jambo moja linanikera. Kila ushirikiano wa namna hii ukitajwa, wapo wanaotaka uwe mlango wa kuchungulia simu za raia. Kanuni zile zile za 2015 zinataka haki za binadamu na faragha viheshimiwe, na sisi Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Toa ushahidi wa wizi wako bila kukabidhi maisha yako yote; afisa akitaka nywila yako, muulize kwa amri ipi.

Daftari la kikundi sasa lina safu mbili mpya, saa na namba ya muamala. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alipigiwa tena kuombwa tarakimu sita. Hakuzitoa. Alikata simu, akachukua kalamu, akaandika: 14:20, +254, na namba yote hadi mwisho.