Eli Manning? Plunkett kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama Eli Manning, kwotabeki (mrusha pasi mkuu) mstaafu wa New York Giants, anastahili kuingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa kandanda ya Kimarekani kule Canton, Ohio. Mimi ni shabiki wa Giants tangu nihamie New Jersey, jezi namba 10 ninayo, na jibu langu ni hapana. Angalau si kabla ya Jim Plunkett.

Najua wengi mtauliza Plunkett ndiye nani. Nitamfikia. Kwanza tumpe Eli haki yake, maana wapo wanaomkataa kwa chuki tu.

Alicheza misimu 16, kuanzia 2004 hadi 2019, yote Giants. Alitwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi. Waliowahi kupata tuzo hiyo zaidi ya mara moja ni sita tu: Bart Starr, Terry Bradshaw, Joe Montana, Tom Brady, Patrick Mahomes na yeye. Tena aliowafunga ni New England Patriots ya Brady, mara zote mbili. Ile ya kwanza, Februari 2008, Patriots waliingia uwanjani wakiwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja.

Kama hukuiona mechi ile, tafuta angalau lile tukio moja. Imebaki dakika moja na sekunde 15, Giants wako nyuma 14-10, jaribio la tatu kati ya manne, zinatakiwa yadi tano ili waendelee na mpira. Mabeki wa Patriots wamemkamata Eli jezi mgongoni, wanamvuta. Pale nyumbani tulipokuwa tunaangalia, watu walishaanza kuokota sahani. Akachomoka, akarudi nyuma, akaurusha mpira juu katikati ya uwanja. David Tyree, mtu aliyekuwa amedaka pasi nne tu msimu mzima, akaruka akaupata, na beki wa Patriots, Rodney Harrison, alipomng'ang'ania, yeye akaubana mpira kwenye helmeti yake mpaka wakaanguka wote chini na mpira haujagusa nyasi. Yadi 32. Baadaye kidogo Plaxico Burress akapokea pasi ya tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, zimebaki sekunde 35. Ikaisha 17-14.

Na anayedai ile ilikuwa bahati tupu, basi hakumwona kule San Francisco Januari 2012, dhidi ya 49ers, mechi ya kuwania kwenda Super Bowl. Eli alirusha pasi 58, aliangushwa mara sita, helmeti ikawa inamkaa upande, na wapinzani hawakumnasa pasi hata moja. Giants wakashinda 20-17 kwenye muda wa nyongeza. Kwangu mimi ile ndiyo mechi yake kubwa kuliko zote, zikiwemo fainali zenyewe.

Sasa tuje kwenye yanayouma. Rekodi yake ya msimu wa kawaida ni ushindi 117 na vipigo 117. Nusu kwa nusu, na hata hiyo nusu aliipata mechi ya mwisho, Desemba 2019 dhidi ya Miami Dolphins, aliporudishwa kikosini kwa sababu kijana aliyemrithi, Daniel Jones, alikuwa majeruhi. Alinaswa pasi tatu siku ile na bado uwanja mzima ulimwimba jina. (Nami niliimba, sijutii.) Mara tatu aliongoza ligi kwa pasi zilizonaswa, na mwaka 2013 zilifika 27. Kikosi bora cha mwaka cha ligi hakuwahi kutajwa hata mara moja, wala cha kwanza wala cha pili.

Halafu angalia mtoano. Ameshinda mechi nane za mtoano maishani mwake: nne msimu wa 2007, nne msimu wa 2011. Misimu mingine minne aliyofuzu, alitolewa mechi ya kwanza. Baada ya ile Super Bowl ya pili alicheza misimu minane zaidi, akashinda 48 na kupoteza 67 bila ushindi wowote wa mtoano. Nilikuwa nalipia king'amuzi kwa ajili ya misimu hiyo, kwa hiyo msiniambie habari za upendo.

Watetezi wake hapo hukimbilia yadi. Ni kweli, alirusha yadi 57,023 na tachidauni 366. Lakini amecheza zama ambazo sheria zinamlinda anayerusha na anayepokea, timu zinarusha mpira kutwa, na yeye alianza mechi 210 mfululizo bila kukosa. Kudumu ni sifa, sikatai, ila yadi zitajaa tu. Philip Rivers, kwotabeki ambaye Giants walimtoa mwaka 2004 ili wampate Eli, ana yadi na tachidauni nyingi kumzidi, na hakuwahi kuigusa Super Bowl. Kwa hiyo hoja ya Eli inabaki pete mbili, zile wanazopewa mabingwa wa Super Bowl. Ukiziondoa pete, hakuna kesi.

Ndiyo sababu namleta Plunkett, naye kwotabeki wa zamani. Alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ya 1971, kama Eli alivyochaguliwa wa kwanza 2004. Ana Super Bowl mbili akiwa na Raiders, ya Januari 1981 na ya Januari 1984, kama Eli. Ushindi wake wa mtoano ni nane, kama wa Eli, tena vipigo viwili tu wakati Eli ana vinne. Rekodi yake ya msimu wa kawaida ni 72 kwa 72. Nusu kwa nusu, kama Eli! Kilichopungua ni tuzo moja: yeye alikuwa mchezaji bora wa fainali ya 1981 pekee. Na takwimu zake ni mbovu kweli, tachidauni 164 kwa pasi 198 zilizonaswa.

Lakini njia aliyopita haifanani. Plunkett alizaliwa kwenye familia yenye asili ya Mexico, mama yake kipofu. San Francisco 49ers walimtema mwaka 1978 kama mtu aliyekwisha, Raiders wakamwokota na kumweka benchi, hadi kwotabeki wao wa kwanza, Dan Pastorini, alipovunjika mguu mwaka 1980. Akaingia, na Raiders wakawa timu ya kwanza kutwaa Super Bowl ikiwa imeingia mtoano kwa nafasi ya ziada (wild card). Aliacha kucheza 1986. Mpaka leo hayumo Canton.

Sasa niambieni tofauti ni nini hasa. Nadhani sehemu kubwa ni jina. Baba ni Archie Manning, kaka ni Peyton aliyeingia Canton 2021, na Eli kila wiki yuko kwenye televisheni anachekesha watu. Mcheza kwao hutunzwa, na Giants wameshamtunza: jezi yake namba 10 waliistaafisha mwaka 2021. Canton ni ya ligi nzima.

Mwaka 2025, mara ya kwanza jina lake kufika mezani, hakupata kura za kutosha, na vijiwe vyote vya New Jersey viliwaka. Mimi sikulalamika. Wapiga kura ni 50 na mtu anahitaji asilimia 80. Plunkett anapigiwa kura kwenye kundi la wazee, Eli kwenye kundi la waliostaafu karibuni, kwa hiyo hawagombei kiti kimoja. Ila kura ni za watu walewale. Wakishalimaliza faili la Plunkett, lile la Eli nitalisoma upya.