Jibu: Nianzie wapi kununua vyakula vya kilimo hai?
Dada, umeuliza uanzie wapi hapa Nairobi kununua vyakula vya kilimo hai, yaani vilivyokuzwa bila dawa wala mbolea za kemikali za viwandani, bila kumaliza mshahara. Anza na sukuma wiki na managu, maana mboga za majani tunazila karibu kila siku. Mengine yatafuata polepole.

Neno "asilia" kwenye pakiti yeyote anaweza kuliandika. Mimi hutafuta alama ya Kilimohai, inayofuata kiwango cha ubora cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, cha mwaka 2007.

Kwa mama mboga, muulize shamba liko wapi, linapigwa dawa gani, na hasa maji ya kumwagilia yanatoka wapi. Hilo la maji usiliache kabisa! Kuna sukuma inayokuzwa kwa maji taka kando ya mito yetu. Hata kama haijapigwa dawa, hiyo siwalishi watoto wangu.